Jasusi wa Thornsea

Nusu ya Waingereza waliwahi kumwona Neville Harcourt, na hakuna hata mmoja ambaye angeweza kukutajia jina lake. Alikuwa yule daktari anayeshuka ngazi akitikisa kichwa. Alikuwa mtumishi anayefungua mlango, karani wa benki anayeibiwa, padri anayefungisha ndoa watu wasiopendana, na mara mbili tatu yule mpangaji mpole wa chumba cha juu ambaye mwisho wa filamu anagundulika kuwa ndiye aliyekuwa akitia sumu kwenye chai. Anaingia, anasema maneno yake machache, anatoka. Sisi wa jukwaani tunawaita watu wa namna hiyo chumvi: hakuna aendaye mkahawani kula chumvi, lakini ikikosekana kila mtu ananuna.

Mimi naitwa Hester Pym. Nilifanya naye kazi miaka mingi katika kundi la maigizo la kuhamahama, mimi nikicheza akina mama na wajane, yeye akicheza wote waliobaki. Na kwa muda wote huo sikujua kwao ni wapi. Ukimwuliza, "Neville, hivi wewe ni wa wapi hasa?" anakujibu, "Hapa na pale, Hester. Pale zaidi kuliko hapa," kisha anakumiminia chai. Krismasi hakwenda popote. Hakuna ndugu aliyewahi kumngoja mlangoni baada ya onyesho. Alizungumza kama mtoto wa lodi, lakini alikula haraka haraka, mkono umeizunguka sahani, kama mtu aliyekulia kwenye meza yenye wengi na chakula kidogo. Basi tukawa tunamsema. Mmoja wetu aliapa kwamba Neville aliwahi kufungwa. Mwingine akasema ana mke aliyemtelekeza huko kaskazini. Mimi nilikuwa nasema hayanihusu, huku nimetega masikio.

Tena alikuwa na tabia moja iliyotutia wasiwasi hata sisi tuliomzoea: aliiba watu. Akimwona mzee anakohoa vizuri, alimfuata mitaa mitatu mpaka akapata kile kikohozi. Aliwahi kumfuata bibi mmoja sokoni kutwa nzima kwa sababu ya jinsi alivyokuwa akishika kikapu. Ukilala chumba cha jirani na chake unasikia watu wanne wanazungumza, na wote ni yeye.

Kiangazi cha mwaka wa arobaini tulipelekwa Thornsea, mji mdogo wa pwani, Yorkshire. Wafaransa walikuwa wamekwisha kusalimu amri, na kila mtu alijua zamu iliyofuata ni yetu. Ufukwe ulikuwa umezungushiwa seng'enge. Vibao vya barabarani vilikuwa vimeng'olewa ili Mjerumani akitua apotee, na matokeo yake tulipotea sisi, tukafika tumechelewa, na njiani kila tuliyemwuliza njia alitutazama kwanza viatu, kisha uso, ndipo akasema hajui. Kengele za kanisa zilikatazwa. Zingelia tu adui akishuka. Kwenye ukuta wa posta palibandikwa tangazo la kuwaonya watu kuhusu wageni wanaouliza maswali.

Mchezo wetu ulikuwa wa kuchekesha, juu ya familia ya wavuvi, na Neville alipewa nafasi ya babu, baharia mstaafu anayechechemea. Kwa Neville hilo halikuwa jambo la kubahatisha. Siku ya pili tu alishampata mtu wake: Mzee Jabez Storr, nahodha wa boti ya uokoaji, ambaye mguu wake wa kushoto ulivunjwa na wimbi zamani, akawa anatembea kama mtu anayeshuka ngazi moja na kupanda nyingine. Neville akamfuata. Mzee akienda bandarini, Neville yuko nyuma. Akienda baa, Neville ameketi kona. Akisimama kwenye gati kutazama boti, Neville anasimama naye mbali kidogo, ametazama upande uleule. Bahati mbaya upande uleule ndiko jeshi lilikokuwa limeficha mzinga wake chini ya matawi.

"Neville," nikamwambia, "acha mchezo. Hawa watu wana hofu."

"Bado dakika kidogo tu, Hester. Goti nimelipata. Nyonga bado."

Mwenye nyumba tuliyopanga alikuwa mjane aitwaye Bi Cragg, mwembamba, mcha Mungu, mwenye sikio refu. Asubuhi moja wakati wa uji alinivuta hadi jikoni, akafunga mlango.

"Huyo bwana mwenzako. Analala na nani chumbani?"

"Peke yake, mama. Mbona?"

"Peke yake? Jana nimesikia wanaume watatu na mwanamke. Na mmoja wa wale wanaume," akashusha sauti, "alikuwa anatoa amri. Kijerumani kile. Kaka yangu alikuwa mateka kwa Wajerumani vita iliyopita, ananiigizia kila Krismasi. Nakijua."

Nilicheka. Nikamweleza kwamba Neville alicheza afisa wa Kijerumani katika filamu mwaka uliotangulia, na kwamba hupitia nafasi zake za zamani kama mtu mwingine anavyofanya mazoezi ya viungo. Bi Cragg hakucheka. Alinitazama viatu, kisha uso.

Siku hiyohiyo, saa ya chai, walikuja kumchukua. Tulikuwa kwenye mkahawa wa karibu na gati, tunakula skonzi na jemu, wakati mgambo watatu walipoingia. Mmoja alikuwa na bunduki ya kuwindia sungura, wa pili mpini wa jembe, na wa tatu alikuwa Kapteni Pargeter, ambaye hadi Mei alikuwa meneja wa benki tu, na sasa alivaa mkanda wa bastola bila bastola.

"Neville Harcourt?"

"Ndiye mimi. Kama ni tiketi, mwone—"

"Simama. Mikono juu. Na hiyo skonzi iweke chini."

Tukapita katikati ya mji, yeye mbele, mimi nikikimbia nyuma yao nikipaza sauti, na watu wakitoka milangoni. Nikasikia mama mmoja akimwambia mwenzake, "Si nilikwambia? Macho yake yamekaribiana mno."

Kituo cha polisi cha Thornsea kilikuwa chumba kimoja chenye meza na jiko la makaa. Sajini Dobb, mtu mnene, mtaratibu, aliomba kitambulisho. Neville akakitoa. Sajini akakisoma, akakisoma tena, akampa Kapteni.

"Hiki kinasema Noah Tromans."

"Hilo ndilo jina nililozaliwa nalo. Neville Harcourt ni la kazi."

"Kazi gani inayohitaji majina mawili?" akauliza Kapteni.

Sajini akanigeukia. "Bi Pym, wewe unamfahamu mtu huyu?"

"Miaka mingi, afande."

"Jina lake nani?"

"Neville," nikasema. "Sikuwahi kusikia hilo la Noah."

"Kwao wapi?"

"Sijui."

"Mama yake yu hai?"

"Sijui, afande."

"Kuna ndugu yake yeyote uliyewahi kumwona? Rafiki wa utotoni? Yeyote?"

Nikamtazama Neville pale kwenye kiti, amekaa wima, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba hata kukaa kwake sikukujua. Alikuwa amekaa kama yule karani wa benki katika ile filamu ya wizi. Nilijiuliza, je, kama kweli? Miaka yote hii, je, kama kweli?

"Kila Jumamosi naenda sinema," akasema Kapteni Pargeter. "Sijakosa hata moja. Uso wako sijauona kamwe."

"Umemwona daktari katika ile picha ya mjane na mbwa wake?"

"Nimemwona. Mzee wa mvi, kibyongo. Mtu mzuri sana yule. Nilitokwa na machozi."

"Ni mimi."

"Usinitukane."

Neville akainama kidogo, mabega yakapanda, akavua miwani ambayo hakuwa nayo, akasema kwa sauti ya uchovu, "Mwacheni alale, bibi. Amekwenda mbali." Mgambo mwenye mpini wa jembe akasema, "Loo! Ndiye!" Sajini Dobb akasogeza kiti. Wakamwomba yule mtumishi wa jumba la lodi, akawapa. Wakamwomba padri, akawapa. Kwa dakika chache kituo kile kilikuwa ukumbi, na mimi nikapumua, nikafikiri tumepona.

Ndipo Sajini, kwa upole uleule, akasema, "Na Mjerumani je? Bi Cragg anasema unaye."

Nilimtolea macho Neville: usithubutu. Lakini mwigizaji aliyekwisha kupigiwa makofi ni kama mlevi aliyekwisha kuonja, haachi. Alisimama, visigino vikagongana, kidevu kikapanda, na akatoa amri moja kali kiasi kwamba yule mgambo wa bunduki ya sungura alikaa chini bila kujua.

Hakuna aliyepiga makofi. Kapteni alikuwa amepauka.

"Sasa," akasema Sajini polepole, "zungumza kwa sauti yako."

"Ninazungumza kwa sauti yangu."

"Hapana. Hiyo ni ya wale matajiri wa kwenye picha. Mimi nataka ya Noah Tromans. Ile uliyomlilia nayo mama yako."

Neville akafungua mdomo. Akaufunga. Akajaribu tena, ikatoka sauti ya mtu wa London. Akatikisa kichwa mwenyewe, akaiacha. Jasho lilimtoka kwenye sharubu. Niliona kwamba haigizi, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Sina," akasema mwishowe. "Nilikuja London nikiwa na miaka kumi na saba. Mwalimu wa uigizaji aliniambia nina makaa mdomoni, watu watanicheka. Akanifanya nisome na kizibo cha chupa kati ya meno mpaka sauti ya kwetu ikanitoka. Haikurudi tena."

"Ameshindwa hata kusema kama yeye mwenyewe," akasema Kapteni. "Afande, piga simu jeshini, York. Waje wamchukue."

Wakati huo nje palikuwa na zogo. Mlango ukasukumwa, akaingia Mzee Jabez Storr, na nyuma yake mkewe Keziah, mwanamke mfupi mwenye mikono minene kuliko ya mumewe.

"Yuko wapi huyo anayenicheka?" Jabez akaunguruma. "Siku tatu ananifuata na mguu wangu! Watoto wa gatini wananiambia, Babu, leo mko wawili! Nimeokoa watu baharini na mguu huu, sikupewa ili niwe kichekesho!"

"Mzee Storr," akasema Neville, "sikukucheka. Nakuheshimu. Mwendo wako ni—"

"Mwendo wangu ni wangu!"

Keziah alikuwa amejipenyeza mbele, kidole kikiwa chini ya pua ya Neville. "Mwanamume mzima, badala ya kufanya kazi unamwiga mtu kilema. Mama yako akikuona atajificha uso. Kama unaye! Labda wewe uliokotwa jalalani, ukaachwa na yeyote, ndiyo maana huna hata jina moja!"

Nikamwona Neville akibadilika. Shingo ikaingia mabegani, mikono ikafunga ngumi, na sauti iliyotoka sijawahi kuisikia jukwaani wala popote. Ilikuwa nzito, ya puani, inaburuta maneno na kuyameza mwisho wake.

"Mwache mama'angu! Mama'angu kafua minyororo na mimba tumboni, mie nimelazwa kwenye gunia pembeni mwa tanuri, cheche zinanirukia! We mwanamke umjue wapi Leah Tromans, umtie mdomoni?"

Keziah akashusha kidole.

"Sema tena," akasema.

"N'seme nini?"

"Lolote. Leah gani? Wa ua upi?"

Akamjibu. Keziah akauliza tena, Neville akamjibu tena, na sasa Keziah naye alikuwa akizungumza vilevile, kwa puani na kwa kuburuta, wote wawili wakikatizana maneno, na sisi wengine tukiambulia neno moja kwenye matano. Kapteni Pargeter akarudi nyuma hadi ukutani. "Sajini! Na mke wa Storr naye ni wao!"

"Mke wangu ni wa Cradley Heath, mji wa wafua minyororo, we mpumbavu," akasema Jabez. "Nilikwenda kule kijana kuchukua mnyororo wa nanga ya boti, nikarudi na mnyororo na yeye. Mpaka leo akikasirika simwelewi."

Keziah alimgeukia Sajini. "Afande, huyu mwachie. Wajerumani wanaweza kujifunza kila kitu duniani, lakini hicho hakuna shule inayofundisha, wala hakuna mtu mwenye akili atakayetaka kujifunza. Leah Tromans ndiye aliyenipa nyundo yangu ya kwanza mkononi."

Kisha akamtazama Neville, na sauti yake haikuwa ya ugomvi tena. "Kwa hiyo ndiye wewe. Dada yangu alinisimulia mwaka jana, tukacheka, Mungu anisamehe. Alisema Leah siku hizi hatoki sinema. Kila picha anasimama anaonyesha kidole: yule mwanangu. Leo ni daktari, mwanangu. Kesho mchunga farasi, mwanangu. Keshokutwa padri, mwanangu. Watu wamemwona amerukwa na akili. Juzijuzi walikuwa wanataka kumpeleka kwenye nyumba ya vichaa."

Neville alikaa. Hakukaa kama karani wala kama padri. Alianguka tu kwenye kiti kama gunia.

Walimwachia, lakini usidhani walimwamini. Keziah alimdhamini, Kapteni akaweka mtu wa kumfuata kila aendako, na kwa juma lililobaki Neville alitembea Thornsea akiwa na mgambo hatua kumi nyuma yake, ambaye bila kujua alianza naye kuchechemea. Ukumbi ulijaa kila siku. Watu walikuja kumtazama jasusi. Jabez Storr aliketi mstari wa mbele, mikono imefumbatwa, na pazia lilipofungwa alimwambia mkewe kwa sauti kubwa, "Nyonga hajaipata."

Septemba, tulipomaliza safari, Neville akaniomba nimsindikize Cradley Heath. Alisema anaogopa kwenda peke yake. Mji ule ni moshi na nyundo. Nyuma ya kila nyumba kuna kibanda na tanuri, na wanawake ndani wamekunja mikono ya nguo, wanapiga chuma. Tulipita uani, nyundo zikanyamaza moja moja.

Aliyefungua mlango alikuwa kikongwe mfupi mwenye makovu ya moto mikononi. Hakupiga kelele. Hakumkumbatia. Alimwangalia kutoka kofia hadi viatu.

"Leo umekuja kama nani?"

"Kama Noah, mama."

"Noah hasemi hivyo."

Akajaribu kwa ile sauti nyingine, nayo ikatoka kwa shida, imevunjika. "Ni mie, mama."

"Hujaandika. Hujatuma salamu. Baba yako kafa akikuulizia."

"Niliona haya."

"Haya ya nini?"

Leah akasogea kando. "Ingia basi, unanipitishia baridi. Na huyo mama ni mkeo?"

"Hapana," nikasema upesi.

Tulikunywa chai nyeusi kwenye vikombe vizito. Leah alikuwa akimtazama tu mwanawe, akimtazama pembeni, kama mtu aliyeuziwa mbuzi na hana hakika. Kisha akasema, "Mara ya kwanza ulipokufa kwenye picha, ile ya kuanguka darini, nilipiga yowe wakanitoa nje. Baadaye nikazoea. Nikawa najiambia, si kitu, mwezi ujao atarudi. Na kweli ukarudi, na sharubu."

Neville akaweka kikombe chini, akalia, na kilio chake kilikuwa kibaya, cha makamasi, hakuna mwongozaji wa filamu ambaye angekikubali. Leah hakumgusa mara moja. Alingoja, nadhani alikuwa anahakikisha. Halafu akasogeza kiti.

Majirani hawakuamini. Kesho yake Leah alimshika mkono akamzungusha ua mzima, "Huyu hapa, mliosema mimi kichaa," na wao wakaitikia kwa heshima, wakampa mkono. Lakini jioni niliwasikia wawili kisimani wakinong'ona. "Maskini Leah. Kamkodi mwigizaji ajifanye mwanawe."

"Atakuwa kamlipa na nini?"

"Sijui. Ila anaigiza vizuri, lazima useme kweli. Hata pua ni ya marehemu mumewe."

Baada ya hapo Neville alirudi Cradley Heath kila alipokosa kazi, na wakati wa vita kazi zilikosekana sana. Alimchotea mamake makaa. Alimsindikiza sinema, na Leah akisimama kuonyesha kidole, yeye aliketi kando yake amejiinamia, na watu wakawa wanatazama skrini, kisha yeye, kisha skrini, wakatikisa vichwa. Sura hazikufanana hata kidogo. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake.

Vita vilipokwisha alipata nafasi kubwa ya kwanza maishani, mchezo wa redio juu ya mfua minyororo. Kwa mara ya kwanza alizungumza kwa sauti ya kwao mwanzo hadi mwisho. Mwandishi mmoja wa gazeti akasifu mchezo, akaongeza kwamba kasoro ilikuwa moja tu: Bwana Harcourt hakuwa amejifunza vyema lafudhi ya wenyeji. Neville alinisomea maneno yale kwenye simu, akacheka mpaka akapaliwa.

Leah alikufa majira ya baridi yaliyofuata. Nilikwenda maziko. Jeneza lilibebwa na wafua minyororo sita, na Neville alikuwa mmoja wao, hakutaka kukaa pembeni. Kaburini akasimama aseme neno. Alizungumza kwa lugha ya pale, kwa kusitasita, akasahau alichotaka kusema, akarudia jina la mama yake mara mbili, akaishia katikati ya sentensi na kujifuta pua kwa mkono wa koti. Mwanamke aliyekuwa ubavuni mwangu, mwenye shali nyeusi, aliinama sikioni kwangu.

"Anaijua kazi yake huyu," akasema.

Nilimwambia anyamaze, nikapita mbele yake nikaenda kumshika Noah mkono.